Kwa nini uwanda wa Unguja ni mkavu ilhali Pemba imestawi?

Mdadisi

Assalamu alaikum ndugu zangu. Hivi karibuni nilitoka Makunduchi hadi mjini, kisha nikapanda boti kwenda Mkoani, Pemba, na tofauti niliyoiona njiani imenishughulisha tangu siku hiyo. Kusini mwa Unguja nilipita masafa marefu ya vichaka vifupi vilivyoota juu ya mawe makali, ndio uwanda wenyewe, ingawa masika yalikuwa ndiyo kwanza yamemalizika, lakini Pemba nilikuta vilima vilivyojaa mikarafuu na minazi, na baina ya kilima na kilima pana bonde la mpunga. Visiwa vyote viwili viko kati ya nyuzi 4 na 7 kusini mwa ikweta, na vinapigwa na kaskazi ile ile na kusi ile ile. Nimeambiwa kwa mkato kwamba Pemba ina mvua zaidi. Jibu hilo halikunitosheleza, hivyo namwomba mwenye ujuzi anifafanulie.

Mwana wa Uwanda

Wa alaikum salaam. Ulichoambiwa ni kweli, ila ni sehemu ndogo tu ya jawabu. Unguja hupata kwa wastani kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na Pemba hukaribia milimita 1,900. Dodoma haifikishi hata milimita 700, na bado watu wake wanalima mtama na zabibu. Kwa hiyo ukame unaouona uwandani hausababishwi na uhaba wa mvua inayoanguka. Unasababishwa na yale yanayoifika mvua hiyo baada ya kugusa ardhi.

Uwanda ni mwamba wa matumbawe. Zamani, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na pale tunapotembea sasa palikuwa na miamba hai kama ile inayotazamwa na wazamiaji. Bahari iliposhuka, matumbawe yale yakabaki nchi kavu, yakawa jiwe la chokaa lililojaa matundu, nyufa na mapango. Mvua ya masika inaponyesha hapo haitiririki wala haituami, bali huzama papo hapo. Ndiyo maana huoni mto hata mmoja ukimwaga maji katika pwani ya Jambiani au Paje, na hata baadhi ya vijito vinavyoanzia katika vilima vya kati vya Unguja hupotea ardhini vikifika kwenye mawe.

Udongo nao ni wa kuokoteza. Unakaa katika vifuko vya mawe, pengine hautoshi kujaza karai, na mkulima wa kwetu hupenyeza ncha ya mtaimbo katika ufa, akaangusha mbegu mbili tatu, kisha akasogea hadi ufa mwingine. Baada ya misimu michache shamba huachwa lirudi kuwa kichaka. Anayesema watu wa uwandani ni wavivu wa kulima, ningependa nimkabidhi mtaimbo huo kwa asubuhi moja.

Maji yenyewe hayajapotea. Yamo chini, yakiwa tabaka la maji matamu linaloelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Katika kisima cha kijiji chetu, kilicho karibu na ufukwe, siku za bamvua bahari ikijaa maji huonekana karibu na mdomo wa kisima, na ikipwa huna budi kuongeza urefu wa kamba. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda.

Mpemba wa Bondeni

Naongezea upande wa kwetu, kwa kuwa watu wengi huzungumza kana kwamba Pemba ni kipande cha Unguja kilichosogea kaskazini. Asili za visiwa hivi ni mbalimbali. Mkondo unaoitenga Unguja na Bara ni wa kina kifupi, na sehemu yake kubwa haifiki hata mita 60, ilhali ule unaoitenga Pemba na Bara una kina cha takriban mita 800. Katika kipindi cha barafu, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, bahari ilishuka kwa takriban mita 120, na mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Bara hadi Unguja. Pemba ilibaki kisiwa.

Ushahidi uko katika wanyama. Unguja ina kima punju na paa nunga, na ilikuwa na chui, wote wakiwa jamaa wa wanyama wa Bara. Pemba haikuwa nao, na kima punju wachache walioko msitu wa Ngezi walipelekwa na watu. Badala yake tunaye popo mkubwa wa Pemba, ambaye jamaa zake wako Komoro, Bukini (Madagaska) na Asia, wala hawako Bara.

Kuhusu rutuba, sehemu kubwa ya Pemba ni mchanga na udongo mzito wa zamani uliochimbwa na vijito hadi ukawa vilima na mabonde, na udongo wa namna hiyo hushika maji. Lakini usidhani sisi hatuna uwanda. Ungeshukia upande wa mashariki, Micheweni kwa mfano, ungekuta mawe yale yale ya Makunduchi.

Nahodha Mstaafu

Ndugu Mdadisi, nakubaliana na waliotangulia, ila wasiiache mbali sana hewa. Mvua zetu kubwa hazitokani na kaskazi wala kusi zikiwa katika nguvu zake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka upande wa Arabuni na Somalia na huleta joto. Kusi huleta baridi ya kipupwe na manyunyu ya hapa na pale. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huja wakati ukanda wa mvua unaofuata jua unapotupita kuelekea kaskazini na pepo zinabadilishana, yaani wakati wa tanga mbili. Vuli huja ukanda huo unaporudi kusini, kati ya Oktoba na Desemba. Visiwa vyetu havina mlima wa kuipandisha hewa yenye unyevu, maana hata kilima cha Masingini huko Unguja hakifiki mita 150, na pwani ya mashariki hupata mvua pungufu kuliko magharibi ingawa ndiyo inayopokea kusi moja kwa moja.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu mno na ikweta, lakini kile cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kuiacha Pemba karibu salama. Kwa hiyo wingi wa mikarafuu uliouona Pemba haukuletwa na udongo peke yake.

Mdadisi

Nawashukuru nyote. Limebaki moja linalonitatiza: ikiwa mwamba wa matumbawe hauhifadhi maji, msitu wa Jozani wenye miti mirefu vile umesimama juu ya nini?

Mwana wa Uwanda

Umesimama juu ya mwamba ule ule, ndugu yangu. Jozani iko bondeni, pahala ambapo lile tabaka la maji matamu liko karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo mizizi inalifikia bila taabu. Masika yakiwa makubwa maji hupanda yenyewe kutoka chini na msitu hufurika. Ukitoka hapo ukapanda mwinuko mdogo tu kuelekea mashariki, utajikuta tena katika vichaka vinavyokufika kifuani.