Vineno vya Kiingereza tunavyovijua halafu vinatuaibisha: tupeane uzoefu

#1
Wakuu, habari za muda huu. Siongelei misamiati migumu, ile kila mtu anakimbilia kamusi. Naongelea vineno ambavyo ukiulizwa maana unajibu hapohapo, ila ukivitia kwenye sentensi watu wanakukodolea macho.

Naanza na langu. Niliandika barua ya kuomba kazi, na mstari niliojivunia kuliko yote ulikuwa "I work hardly". Hesabu yangu ilikaa sawa kabisa: slow, slowly, quick, quickly, basi hard, hardly. Nikampa dada asome kabla sijatuma. Akarudia mara mbili, akaniuliza, "Kwa hiyo unawaomba wasikuajiri?" Kumbe "I hardly work" ni mtu ambaye kazi haigusi, akijitahidi sana ni mara mojamoja. Mchapakazi ni "I work hard", bila mkia.

Karibuni.

#2
Afadhali wewe haikutoka nyumbani. Mimi bosi alinipigia: "You haven't sent the report?" Sikuwa nimeituma, nikajibu kwa adabu zote, "Yes." Si ndivyo tunavyojibu? Ukiulizwa "Hujatuma?" ukasema "Ndiyo", umekiri kwamba kweli hujatuma. Yeye akaelewa nimetuma, akashukuru, akakata simu. Jioni ananiuliza mbona haioni, na mimi nashangaa mbona nilishamwambia. Tukabishana, na hakuna aliyekuwa anadanganya! Siku hizi simwachii mtu neno moja likining'inia, namalizia kabisa: "No, I haven't."

#3
Kuazima, jamani. Kwetu anayetoa anaazima na anayepokea anaazima, maisha yanaendelea. Nilisema "Borrow me your charger" miaka na miaka, hadi siku mtu aliponirekebisha mbele za watu. Sasa nimejiwekea hivi: "lend" inatoka mkononi, "borrow" inaingia. Ninayeomba naweza kusema "Can you lend me" au "Can I borrow", chaja ni ileile. Kinachoniudhi ni kwamba haohao kwenye nyumba wana "rent" moja tu, mwenye nyumba anaitumia na mpangaji anaitumia.

#4
"I hear a bad smell." Niliisema kikaoni. Ukumbi mzima ukanyamaza, nadhani walikuwa wanaisikiliza.

#5
😂😂 #4 umeniua.

Langu ni "bado". Nikiulizwa "Have you finished?" nilikuwa najibu "Still." Mtu anasubiri nimalizie, mimi nimeshamaliza. "Still what?" Nikadhani hasikii vizuri, nikaongeza sauti: "STILL!" Ilinichukua muda kugundua kwamba bado yetu wameipasua vipande viwili. Jambo likiwa linaendelea ni "I'm still waiting". Likiwa halijatokea ni "He hasn't come yet". Na bado ile ya mkato, ya kujibu swali, ni "Not yet".

#6
Mimi "quite good". Mwalimu wangu Mwingereza aliiandika juu ya insha yangu, nikaionyesha ukoo mzima. Baadaye nikajua kwamba Mmarekani akisema hivyo kwa kawaida anasifia, ila Mwingereza mara nyingi ana maana ya "si mbaya". Ukoo sijawaambia.

#1
Nacheka peke yangu hapa. #4, harufu yenyewe ilikuwa ya nini?

#4
Mkuu, sikukaa kujua. Nilitoka nje.