Mwamuzi hajui propela, wanaoumia ni watoto

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wazazi na makocha tulio huku Marekani ambao watoto wetu wanashindana Science Olympiad, yale mashindano ya sayansi ya wanafunzi, hasa kwenye zile ndege nyepesi za ukumbini zinazoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Nina hasira, sitazunguka.

Kwenye mashindano ya juzi, timu ya binti yangu na mwenzake imepangwa nyuma ya timu zote zisizo na kosa, eti mapanga ya propela yao, yaani yale mabawa yanayokata hewa, ni ya pembe inayobadilika. Mwamuzi alipimaje? Alishika panga moja kwa vidole viwili, akalisukuma, likapinda. Akaandika kosa palepale. Wala hakuuliza limetengenezwaje.

Miaka yote niliyofuatilia sheria hizi, kinachokatazwa ni propela yenye KIFAA cha kubadilisha kipenyo au pembe ya mapanga. Kifaa maana yake springi, bawaba, kitovu (pale katikati mapanga yanapoungana) kinachocheza. Vitu hivyo vipo kweli, nendeni mkaangalie F1D, daraja la ndege za ukumbini za mpira chini ya FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga: ndege yenye bawa la sm 55, uzito usiopungua gramu 1.4, mpira usiozidi gramu 0.4, na kitovu chenye springi kinachobadilisha pembe ndege ikiwa hewani. Kuwazuia wanafunzi wasiingie huko naona ni sawa kabisa, maana ni kazi ya fundi mzoefu.

Sasa propela ya mabinti hawa. Mapanga wameyakata kwenye kikopo cha mtindi, kwa mshazari, ili mviringo wa kikopo uyape msokoto. Wakayagundisha kwenye kijiti cha balsa, ule mti mwepesi sana. Kijiti hakipiti katikati ya panga, wamekisogeza nyuma kidogo ili eneo kubwa libaki mbele. Mpira ukiwa umejaa mizunguko, hewa inausukuma ukingo wa mbele, pembe inaongezeka, propela inazunguka polepole, na ndege haikimbilii juu kwenda kunasa kwenye mataa. Nguvu ya mpira ikipungua, panga linarudi lilivyokuwa. Hamna springi pale, hamna bawaba, hamna hata pini. Ni ulaini wa plastiki tu!

Kama kupinda ni kosa, basi wafungie kila ndege iliyoingia ukumbini siku ile. Propela za plastiki za dukani zinapinda. Bawa la balsa linapinda. Mbona hakuna timu yenye propela ya dukani iliyoguswa?

Na si hilo tu. Timu nyingine nusura iadhibiwe kwa sababu mapanga yao yamechomekwa kwenye kijibomba cha karatasi, unaweza kuyazungusha kwa mkono ukarekebisha pembe kabla ya kurusha. Kwa mkono, ndege ikiwa mezani! Ikishaachiwa hakuna kinachosogea. Mtu asiyeweza kutofautisha kurekebisha mezani na kubadilika hewani anakaaje kwenye kiti cha uamuzi?

Tulikata rufaa. Jibu likawa "mwamuzi ameshaamua". Hakuna aliyefungua kitabu cha sheria mbele yetu. Binti alikuwa na daftari la majaribio mkononi, kila urushaji ameandika mizunguko, muda na pembe ya panga, hakuna aliyelitazama.

Ninachotaka ni hiki. Swali kuhusu sheria lina njia yake: linapelekwa ngazi ya taifa, ufafanuzi unawekwa kwenye tovuti yao rasmi, watu wote wanausoma. Anayesimamia meza ya ukaguzi awe na nakala mkononi, na akitaja kosa aonyeshe na kifungu. Akishindwa kukionyesha, ndege iruke.

Makocha mliowahi kukaguliwa propela za kikopo, mlipita au mlikatwa? Semeni ni jimbo gani na mwamuzi alitaja kifungu kipi. Nakusanya majibu, nawaandikia waandaaji wiki hii.