Rangi inahama na kila nakala inatoka tofauti. Nirekebishe au niache?

PatasiButu:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa tatu sasa nachonga picha za ubao hapa Tanga, kwa mtindo wa Kijapani wa sosaku hanga: unachora mwenyewe, unachonga mwenyewe, unachapa mwenyewe. Picha yangu haina mtu wala nyumba, ni duara jeusi na mistari myekundu. Plaiwudi ni masalia ya fundi makabati, karatasi naisugua kwa mgongo wa kijiko. Nimechapa nane, hakuna mbili zinazofanana, na nyekundu inahama karibu milimita tatu. Wale wakubwa nao walikuwa hivi, au mimi tu ndiye mbovu?

MzeeWino:
Hayo ni mambo mawili, kijana. Nyekundu kuhama ni kosa, na dawa yake inaitwa kento. Chonga kipembe kona ya chini kulia ya ubao, kisha mfereji mfupi ulionyooka kushoto kwake, ukingo uleule. Karatasi iegemee hapo kwanza ndipo uilaze. Kila ubao wa rangi uwe na alama hizo mahali palepale.

Nakala kutofanana ni habari nyingine. Zamani kwenye ukiyo-e, zile picha za ubao za jadi za Kijapani, mchoraji, mchongaji na mchapaji walikuwa watu tofauti, na juu yao mchapishaji anayetaka mzigo utoke sawasawa. Onchi Koshiro, mmoja wa wakubwa wa sosaku hanga, hakuwa na bosi huyo. Picha yake Akarui Toki ya 1915 ni kati ya picha za mwanzo kabisa Japani zisizochora kitu cha kuonekana. Baadaye alichapa hata kwa uzi, kadibodi na majani ya miti, na kazi nyingi alitoa nakala chache tu.

Chongo_la_Mbao:
Kwa hiyo siku hizi uzembe nao ni sanaa? 😂

MzeeWino:
Hagiwara Hideo, mchapaji mwingine wa Kijapani, alichapa mpaka mgongoni mwa karatasi, rangi ipenye yenyewe kuja mbele. Jaribu hilo kwa uzembe uone.

PatasiButu:
Shikamoo mzee, asante. Kento nimechonga usiku huu huu. Ubao mweusi safi. Ule mwekundu nimekata kona ya kushoto, usingizi. Kesho narudi kwa fundi makabati kuomba kipande kingine.