Globe na zile taa: bodi ilionea au ilikuwa sahihi?

Mleta mada: Wakuu, mtakumbuka 2016 ukumbi wa maigizo wa Globe wa London, ule uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa Shakespeare na kufunguliwa 1997, ulimkabidhi Emma Rice ukurugenzi wa sanaa. Mama akaleta taa za rangi na spika. Oktoba hiyohiyo bodi ikatangaza ataondoka 2018. Ikataka mwigizaji na mtazamaji warudi kwenye mwanga mmoja, kama enzi za Shakespeare walipoigiza mchana. Mimi naiunga mkono. Anayetaka disko aende disko. Zama zile hata wale wahuni waliolipa peni moja kusimama uani walisikia bila spika.

Kahawa Chungu: Wahuni? Nimesimama uani pale kwa pauni 5 mpaka miguu ikafa ganzi, leo naitwa mhuni. Wa peni moja walikuwa vibarua na vijana wanaojifunza ufundi, watu wa jasho. Wa kwenye roshani waliongeza peni, na nyingine kwa mto wa kukalia. Kwa hiyo ustaarabu ni mto?

Mleta mada: Nimesema wa zamani, si wewe. Na walikuwa wanatafuna ovyo. Ukumbi wa Rose, mwingine wa maigizo wa enzi hizo, ulipofukuliwa, miaka ya themanini hivi, sakafu ilijaa maganda ya njugu.

Popo Mchana: 1989. Njugu za heizeli. Ila wapo wataalamu wanaosema yale maganda ni taka za watengeneza sabuni, zilizochanganywa na majivu ili uani pasiwe na tope. Usiwasingizie marehemu.

Kahawa Chungu: 😂 Pokea hiyo.

Fundi Cherehani: Mnabishania maganda, nguo hamzisemi. Mnaotaka "kama zamani", mpo tayari kuona Mrumi kavaa suruali ya Kiingereza? Upo mchoro wa enzi hizo wa Titus Andronicus, tamthilia ya Shakespeare ya Warumi: mmoja kajifunga shuka la Kirumi, askari nyuma yake wamevaa vya London. Mabwana walikuwa wakifa wanawaachia watumishi nguo zao, na kwa kuwa mtumishi haruhusiwi kuvaa hariri ya bwana, anawauzia waigizaji. Joho moja la mahameli liliweza kuizidi bei tamthilia nzima. Mie kama fundi, hapo ndipo ningeishi!

Popo Mchana: Na Juliet, yule binti wa Romeo na Juliet, aliigizwa na mvulana. Wanawake waliingia rasmi majukwaa ya Uingereza 1660. Mbona bodi haikurudisha wavulana?

Mleta mada: Mnatoka nje ya mada.

Kahawa Chungu: Mada uliitoa nje mwenyewe ulipotukana watu. Halafu 2012 kundi la kutoka Kenya liliigiza palepale kwa Kiswahili na hakuna aliyelia kwamba Shakespeare hakukijua.

Mleta mada: Bila spika, lakini!

Popo Mchana: Paa la matete la Globe ya sasa lina mabomba ya kunyunyizia maji, tena wazi unayaona. 1613 mzinga ulipigwa katikati ya mchezo, Globe ya kwanza ikateketea. Jamaa mmoja suruali ikashika moto, akazimwa kwa chupa ya bia. Kama ni uhalisi, badala ya mabomba wangenunua bia.

Fundi Cherehani: Swali: mvua ikinyesha uani, mwavuli ruksa?

Kahawa Chungu: Hairuhusiwi, unamziba aliye nyuma. Vaa koti la mvua. Wenye mito wako chini ya paa, wakavu.

Mleta mada: Bado tu na mito?