Tupeane uzoefu: wasichana mliokulia Marekani kwenye nyumba za zamu za usiku, mkajijua mnapenda wanawake

MwanaNyarugusu (Columbus, Ohio)

Dada zangu, habari za huko mliko. Naanzisha uzi huu kwa sababu nimechoka kusoma habari za wasichana wanaojitangaza kwa wazazi wakati wana chumba cha chuo New York cha kukimbilia. Sisi tuliolala watu saba kwenye apatimenti ya vyumba viwili, baba anarudi zamu wewe unatoka, yetu ni mengine. Walioyaishi waje. Wahubiri, nyuzi zenu zimejaa tele humu.

Naanza mimi. Tulitoka kambini Kigoma nikiwa na miaka 11. Wengi hamjui kwamba tiketi ya ndege ya mkimbizi ni mkopo: mkishafika mnaulipa kila mwezi kidogo kidogo. Barua za deni lile nilizisoma mimi, maana ndiye niliyekishika Kiingereza mapema. Nikawa mdomo wa nyumba nzima. Hospitali mimi, vikao vya shule ya wadogo zangu mimi, fomu za msaada wa chakula mimi. Sasa mtu wa hivyo anajitangazaje? Mama akinifukuza, nani ataongea na mwenye nyumba kodi ikichelewa?

Nilipomaliza sekondari niliingia ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Huko nikamkuta msichana wa Kizungu kutoka milimani kusini mashariki mwa Ohio, ukoo wa wachimba makaa ya mawe ambao machimbo yalishawafungia. Alikuwa na pikapu isiyo na hita. Mapumziko ya saa nane usiku tulikaa humo na makoti yetu, mihogo yangu ya kukaanga na soda zake. Yeye naye kwao ndiye aliyekuwa akilipa umeme. Siku moja akaniambia, "Wewe unatazama hii barabara kuu kama mtu aliyeachwa na basi." Nilikasirika, kwa sababu ni kweli. Nilimpenda hapo hapo, nikaacha kazi wiki hiyo hiyo.

Ndivyo nilivyoishi miaka ile. Ghala, kiwanda cha kuku, kufua mashuka hotelini, ghala tena. Kila mahali wakinizoea tu, akina mama wa kwetu wanaanza: mchumba yuko wapi, tuna kijana mzuri wa Kentucky. Nahama. Mama alidhani nina jini la safari, akaniombea kanisani usiku kucha.

Siku hizi naishi karibu na mama, mimi na mwenzangu. Hajauliza, mimi sijasema, ila sombe (kisamvu) anayonipakia ni ya watu wawili. Haya, endeleeni.

NaxGirl (Minnesota)

Asante kwa uzi. Mimi ni wa Nakuru, nililetwa huku nikiwa kidato cha pili. Mama yangu ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, alikuwa anafanya zamu mbili kwa siku. Alipata meseji kwenye simu yangu nikiwa na miaka 18, Januari. Mnajua Januari ya Minnesota. Nililala kwa gari, naoga kwa gym.

Wacha niwaambie kitu hakuna mtu aliniambia. Ukiomba msaada wa serikali wa ada ya chuo, unahesabiwa mtoto wa wazazi wako hadi ufikishe miaka 24, labda uwe umeolewa, una mtoto wako au umekuwa jeshini. Kwa hivyo fomu inadai mapato na sahihi ya mama aliyekufukuza. Nilikaa nje ya chuo karibu miaka miwili kwa ajili ya hiyo sahihi. Baadaye ndio nikasikia kwamba aliyefukuzwa na hana makao anaweza kwenda ofisi ya misaada ya chuo, aeleze hali yake, ahesabiwe anayejitegemea. Unapeleka barua ya mshauri wa shule au ya makazi ya vijana. Nendeni mapema, wanasumbua.

Na mimi pia niliishia nyumba ya wazee, kazi ile ile ya mama. Kulikuwa na shosho mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kiwanda cha magari kule Michigan. Kando ya kitanda alikuwa na picha ya mwanamke, kwa faili imeandikwa "rafiki". Usiku akikosa usingizi alinisimulia baa walizokuwa wakikutana wakiwa vijana, wote watu wa viwandani, suruali zimepigwa pasi. Polisi wakivamia, majina yanatoka kwa gazeti, na kazi imeisha. Aliniuliza kama niko na mtu. Alikuwa wa kwanza kuniuliza hivyo bila kunikaripia. Mimi nilikuwa nadhani haya mambo ni ya matajiri wa Hollywood.

Mzalendo_TX

Mila zetu haziruhusu huu uchafu. Marekani imewaharibu.

MwanaNyarugusu

Nilijijua nikiwa kambini, kaka, kabla sijaiona Marekani hata kwenye picha. Uzi wa magari ya mnada uko juu pale.

BintiTanga_Umeme (Houston)

😂 Mwacheni, atachoka.

Mimi ni fundi umeme mwanagenzi, mwaka wa nne kati ya mitano. Wasichana, ufundi unalipwa huku ukijifunza, huhitaji sahihi ya mzazi, na ukishafuzu ujuzi unahama nao, ingawa si kila jimbo linaitambua leseni ya jimbo lingine. Miguu yangu nayo haitulii, lakini sasa inahama na leseni. Watani wangu kazini ni wanaume wa kila aina, joto la Texas linatusawazisha.

Mwaka niliozaliwa, 1999, Texas ilikuwa bado na sheria ya kutufanya wahalifu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta 2003. Na mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo ikaamua mwajiri hawezi kukufukuza kwa sababu unapenda wa jinsia yako. Lakini someni vizuri: sheria hiyo ya shirikisho inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Kampuni ndogo ya usafi ya mjomba wa mtu kanisani haimo, labda jimbo au mji wako uwe na sheria yake. Minnesota wanayo tangu 1993, huku kwetu jimbo halina. Kwa hiyo kabla hujaweka picha ya mpenzi wako kwenye simu, hesabu mko wangapi kazini.

Yaya_Lewiston (Maine)

Bonjour ba yaya, dada zangu wakubwa. Mimi Mkongomani, niko na miaka 19, nakaa kwa mama, nafanya kazi ya kupanga samaki. Nasoma tu, sijawahi kuandika hapa. Nataka kuonana na mshauri wa mambo ya akili maana silali. Lakini bima ni ya mama. Karatasi itafika nyumbani? Na barua zote nyumbani nasoma ni mimi, ila sasa mdogo wangu naye ameanza kusoma.

NaxGirl

Karibu sana. Ndiyo, maelezo ya malipo kawaida yanatumwa kwa mwenye bima, na unaweza kubaki kwa bima yake hadi miaka 26, kwa hivyo usiiache. Piga simu namba iliyo nyuma ya kadi, uwaambie barua zako zikifika nyumbani zitakuweka hatarini, na uwape anwani nyingine. Ukisema hivyo, lazima wazingatie ombi lako. Fanya hivyo kabla ya kwenda kwa mshauri. Ama tafuta kituo cha afya cha jamii kinachopokea fedha za serikali: hivyo hutoza kulingana na kipato chako, na si lazima utumie bima ya mama.

Yaya_Lewiston

Aksanti. Napiga kesho wakati wa mapumziko, mama atakuwa kazini.

BintiTanga_Umeme

Ukikwama kwenye simu nitafute faragha, tupige pamoja. Hao watu wana muziki wa kusubirisha usioisha.