Treni mpya za reli nyepesi: moja ndefu ya wazi, seti fupi za kuunganisha, au ya kurefusha baadaye?

Reli Mbili:
Wakuu, salaam. Tangu treni mpya za Docklands kule London zianze kubeba abiria Septemba 2025 nimekuwa nikisoma habari zake, na kila nikisoma narudi kwenye swali lile lile. Njia ya mjini ikitaka treni mpya za reli nyepesi, inunue za aina gani? Mimi naona ziko tatu.

Kuna hiyo ya Docklands: treni moja ya mita 86.7, vipande vitano, unatembea ndani kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukutana na ukuta. Imekuja kupokea kazi ya seti kongwe za miaka ya 90 mwanzoni. Zile kila moja ina mita 28, zinaungwa mbili au tatu, na kati ya seti na seti hakuna njia. Ukishaingia ya nyuma umeingia, hata kama ya mbele viti vinapigwa na upepo.

Kuna ya Manchester: seti fupi, nazo za mita 28 hivi, inakwenda moja, watu wakizidi zinaungwa mbili. Wanazo 147, na zote ni aina moja.

Halafu kuna Dublin. Walianza mwaka 2004, na kwenye njia nyekundu waliweka tramu (treni za barabarani) za mita 30. Zilipofurika hawakuzitupa. Mwaka 2007 na 2008 walizifungua, wakachomeka vipande vipya katikati, zikawa za mita 40. Njia ya kijani leo ina za mita 55 hivi.

Mimi naegemea ya kwanza. Nipingeni.

Mnyonge wa Mlangoni:
Sikupingi hata kidogo. Kila asubuhi nasafiri na begi la mtu kwenye mbavu na kiwiko cha mtu sikioni, halafu nikichungulia dirishani kituoni naona seti ya mbele watu wamekaa wanasoma. Watu hawajigawi sawa mkuu, wanapanda pale ngazi zilipowashusha. Ndani kukiwa wazi, tunasogea wenyewe kama maji.

Fundi Bogi:
Ndugu Reli Mbili, umezitazama ukiwa umesimama jukwaani. Njoo uzitazame kutoka chini, kwenye shimo la ukaguzi, nilikokaa miaka mingi.

Chukua njia inayohitaji treni kumi barabarani saa za msongamano. Kwa seti fupi tatu tatu, hizo ni seti 30. Za akiba tuseme nne: moja iko kwenye matengenezo makubwa, moja inachongwa magurudumu, moja imegongwa na lori, moja imelala tu ikingoja kipuri. Jumla 34. Sasa geuza ziwe treni ndefu. Kumi ziko barabarani, na kwa akiba huwezi kuweka moja, kwa sababu siku moja ikiwa kwenye matengenezo na nyingine ikaharibika mlango, ratiba imekufa. Unaweka mbili. Mbili hizo ni sawa na seti sita zimelala. Ukiwa na treni 50 tofauti hiyo inayeyuka, huioni. Njia ndogo yenye treni kumi itaiona kila mwezi.

Mlango mmoja ukigoma kwenye seti fupi, usiku tunaikata ile seti, tunaunga nyingine, alfajiri treni iko njiani. Kwenye ndefu, mlango mmoja umelaza mita 87.

Na hujagusa banda. Treni ndefu haiinuliwi kipande kipande kirahisi. Inataka jeki za kuinua treni nzima kwa pamoja, shimo la urefu huo, na mashine ya kuosha yenye nafasi mbele na nyuma. Hao hao Docklands ilibidi wapanue karakana yao ya Beckton kabla treni hazijapokelewa. Kwa hiyo bei ya treni si bei ya treni, ni bei ya treni na banda lake.

Reli Mbili:
Mzee Fundi, hoja ya akiba naipokea, sikuwa nimeipigia hesabu. Lakini na wewe unasahau vyumba vya dereva. Seti tatu zina ncha sita, na nne kati ya hizo hazina kazi yoyote katikati ya treni. Docklands zinajiendesha, lakini hata kwao ncha ni ncha, ni mahali asiposimama mtu. Treni mpya urefu wake ni karibu sawa na seti tatu zilizoungwa, mita 84 kwa 86.7, na wanasema inabeba watu asilimia 10 zaidi. Nafasi hiyo imetoka wapi kama si hapo kwenye maungio?

Kikokotoo:
Samahani naingilia. Asilimia za aina hiyo ziulizeni kwanza: abiria wangapi kwa mita ya mraba? Treni yenye mita za mraba 60 za kusimama inabeba waliosimama 240 ukihesabu wanne kwa mita, 360 ukihesabu sita, 480 ukihesabu wanane. Treni ni ile ile, kilichobadilika ni brosha. Wanne bado unaweza kutoa simu mfukoni. Sita unanusa shampuu ya jirani. Wanane, ukivua kiatu hukipati. Watengenezaji wawili wakikuletea namba mbili, wape kipimo kimoja warudi kuhesabu upya, utashangaa ya nani ilikuwa imepakwa rangi.

Na milango. Kinachochelewesha treni kituoni si kasi yake, ni watu kutoka na kuingia. Hesabu upana wa milango yote ya upande mmoja, gawa kwa urefu wa treni. Namba hiyo inaniambia mengi kuliko kasi ya juu, maana njia ya mjini yenye vituo kila mita 600 treni haiifikii kasi ya juu ila kwa sekunde chache.

Mama Kigari:
Habari zenu kaka zangu. Mmesema urefu, mmesema milango, hamjasema sakafu. Mimi nasukuma kigari cha mtoto, na mama yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Swali langu kwa treni yoyote mpya ni moja: naingia bila kuomba mtu anishikie?

Docklands na Manchester wanatumia majukwaa ya juu, sakafu ya treni nayo iko juu, unaingia sawasawa. Dublin sakafu iko chini, jukwaa ni kama ukingo wa barabara tu. Zote mbili zinanifaa. Isiyonifaa ni ile iliyochanganya, unaingia mlangoni vizuri halafu ndani unakutana na vidato viwili kwenda kwenye viti.

Fundi Bogi:
Dada, vidato hivyo vina sababu yake, havikuwekwa kwa uonevu. Sakafu ya chini inakaa kama sentimita 30 hadi 35 juu ya reli. Gurudumu lenyewe ni refu kuliko hapo, na ekseli inapita katikati. Kwa hiyo kuna njia mbili. Unaacha bogi za kawaida (fremu zenye magurudumu chini ya behewa) mwisho wa treni, sakafu inapanda juu yake, katikati inabaki chini: ndiyo wanaita sakafu ya chini asilimia 70, na treni za Addis Ababa zilizoanza kazi 2015 ni za aina hiyo, 41 kutoka Changchun, China. Au unataka asilimia 100, basi bogi inabadilishwa: magurudumu yasiyo na ekseli, au bogi isiyogeuka chini ya behewa.

Hiyo bogi isiyogeuka ndiyo inanikosesha usingizi. Kwenye kona, behewa na bogi vinageuka kwa pamoja, nguvu yote inapanda kwenye bodi. Mwaka 2004 Siemens walilazimika kutangaza kwamba bodi za alumini za tramu zao za Combino zinadhoofika kwenye maungio, na zilizokwisha kwenda zaidi ya kilomita 120,000 zisimamishwe. Zilikuwa nzuri, zimenunuliwa na miji mingi. Hesabu za nguvu za kona ndizo zilikuwa ndogo kuliko kona zenyewe.

Kwa hiyo kama njia yenu ina kona kali na mnaijenga upya, mimi nasema jengeni majukwaa ya juu, mnunue treni ya sakafu ya juu yenye bogi za kawaida. Dada anaingia sawasawa, na mimi nalala. Ila kama inapita katikati ya barabara ya mji, jukwaa la juu ni ukuta, hapo sina ubishi.

Mpita Njia:
Wazee, mbona hakuna anayetaja betri? Nice, Ufaransa, wamepita bila nyaya za umeme za juu kwenye uwanja wa Masséna tangu 2007. Kaohsiung, Taiwan, wanachaji kituoni kwa kapasita (kifaa kinachojaa umeme haraka), sekunde kama 20 abiria wakipanda. Nyaya ni za nini tena?

Fundi Bogi:
Nice ni uwanja, mita mia chache, wakishavuka wanarudi kwenye waya. Betri kwa kipande kifupi kizuri, safi. Kwa njia nzima ujue unabeba uzito wake kila siku, na kiyoyozi nacho kinakula humo humo treni ikikwama kwenye foleni ya magari. Betri hizo zinachakaa kabla ya treni kuchakaa, utazinunua tena. Tuendelee.

Reli Mbili:
Nimepata kingine cha kutetea treni ya wazi. Kituo cha Cutty Sark, Docklands, kiko chini ya ardhi na jukwaa lake ni fupi kuliko treni. Milango ya mwisho haifunguki pale. Kwenye seti za zamani ukikaa mwisho na hukusikia tangazo, lazima ukimbilie mlango wa seti yako hiyo hiyo unaofunguka. Kwenye mpya unatembea tu ndani mpaka mlango wowote. Hawakuhitaji kuchimba kituo upya. Vipi hapo?

Mama Kigari:
Unatembea tu? Saa kumi na mbili jioni, na kigari? Kaka yangu, treni iliyojaa haina "tu". Wazi ni wazi ikiwa na nafasi. Waweke nafasi za viti vya magurudumu na vigari karibu na milango ya katikati, ambayo inafunguka kila kituo, na waandike nje kwa herufi kubwa. Hapo nitakupigia makofi.

Reli Mbili:
Umenishika dada. Hilo sikulifikiria.

Kikokotoo:
Kwa kuwa tuko Docklands bado, mtazameni babu yao. Njia ilifunguliwa 1987 na treni 11, kila moja inakwenda peke yake, kwa majukwaa mafupi. Miaka michache watu wakajaa, wakachimba handaki hadi kituo cha Bank, na zile treni za kwanza hazikuruhusiwa kuingia handakini kwa masharti ya moto. Zikauzwa Essen, Ujerumani, huko zikaendelea na maisha. Treni changa kabisa hizo, hazikuwa na kasoro, njia ndiyo iliyozikimbia.

Ndiyo maana mimi kura yangu ni Dublin. Nunua ya mita 40 ambayo mtengenezaji ameisanifu na kuithibitisha pia kwa mita 55, lakini jukwaa na banda ujenge la 55 tangu siku ya kwanza. Zege la mita 15 za ziada leo ni rahisi, la kesho utalimwaga usiku baada ya treni ya mwisho.

Fundi Bogi:
Naunga mkono, na naongeza sharti moja: bei ya kipande cha kuongeza iandikwe kwenye mkataba wa kwanza. Ukirudi baada ya miaka minane bila karatasi, kiwanda kinajua huna pa kwenda kwingine. Vivyo hivyo vipuri. Addis imeandikwa mara nyingi, treni zimelala kwa kukosa vipuri huku abiria wakiwa kituoni wanangoja, na treni zenyewe hazijafika hata nusu ya umri wake. Mimi ningepunguza treni mbili kwenye oda, fedha hiyo ninunue magurudumu, pedi za breki, kadi za kompyuta ya milango na michoro yote ya nyaya. Michoro hasa. Nimewahi kukaa siku nne na treni iliyozima kwa sababu ya waya mmoja ambao mchoro wake ulikuwa kwa aliyeiuza, naye yuko likizo.

Mpita Njia:
Siku nne 😂

Reli Mbili:
Basi nabadili msimamo nusu. Kama majukwaa ya mita 90 yapo tayari, njia imejaa kutwa nzima, na treni ni nyingi kiasi kwamba mbili za akiba si mzigo, ndefu ya wazi. Njia changa, ambayo hakuna anayejua itajaa lini, ya kurefusha. Za kuunganisha sijui niziweke wapi sasa.

Fundi Bogi:
Ziweke kwenye njia zinazogawanyika. Manchester zina matawi mengi, katikati ya mji msongamano, huko pembeni watu wachache, seti moja inatosha. Lakini hiyo ya kuzikata na kuziunga mchana kutwa ni hadithi ya brosha zaidi. Kapula ya umeme, yaani kiungio cha seti na seti, ina pini nyingi ndogo, vumbi likiingia moja haioni nyingine, na hapo uko kituoni na abiria wanakupiga picha. Sisi tulikuwa tunaunga usiku, bandani, na tochi mdomoni.

Mnyonge wa Mlangoni:
Mmemaliza bogi, betri na kapula, hakuna aliyetaja vishikio. Mimi ni mfupi. Kila treni mpya inakuja na bomba la juu ambalo nalifikia kwa ncha za vidole, breki ikipigwa naning'inia kama popo. Ndefu au fupi mtajua wenyewe, mimi naomba mikanda ya kushika ishuke sentimita ishirini.

Mama Kigari:
Na bomba la wima lisiwekwe katikati ya mlango. Kigari hakipiti.