Mrejesho: Karatasi za nyuzi za migomba zimeacha kukonda

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini karatasi ninazotengeneza hapa Ujiji huanza nene, beseni likiwa jipya, halafu zinaishia nyepesi kama ganda la kitunguu. Aliyenijibu kwamba kila nikiinua fremu (ile yenye wavu wa kuchotea karatasi) naondoka na nyuzi huku maji yakirudi besenini, alipatia kabisa.

Nilichuja lita moja ya rojo nzito (nyuzi zilizopondwa ndani ya maji, ambayo huongezwa besenini), nikaikausha, nikapima: gramu 28. Karatasi moja ya A4 nataka iwe gramu 7. Basi kila nikitoa karatasi naongeza besenini robo lita ya rojo hiyo, nakoroga (nyuzi huzama upesi mno!), ndipo nazamisha tena.

Karatasi 16 ni mita moja ya mraba: jana gramu 112, leo 109. Za siku ya mvua bado huzidi kwa unyevu. Hizo naanika upya kabla ya mizani.